Edward Mellanby na mafuta ya vitamini A

Kama umekwisha kupeleka mtoto mwenye surua kwenye kituo cha afya, umeona vile inafanyika. Muganga anakata ncha ya kidonge chekundu, anakamulia mafuta mdomoni mwa mtoto, na kesho yake anarudilia. Wazazi wengi wanajiuliza mafuta yale ni ya kazi gani, wakati virusi vya surua havina dawa ya kuviua.

Wa kwanza kulifuatilia jambo hili kwa bidii alikuwa Mwingereza, Edward Mellanby. Alizaliwa mwaka 1884 huko West Hartlepool, mji wa bandari, na baba yake alikuwa kiongozi kwenye kiwanda cha meli. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia aliombwa kutafuta sababu ya matege, ugonjwa uliopinda miguu ya watoto wengi kule. Alifungia mbwa wadogo ndani ya nyumba, akawalisha uji wa shayiri, nao wakapata matege. Wale walioongezewa mafuta ya maini ya samaki walibaki wazima. Mellanby akafikiri ni vitamini A. Hapo alikosea: mwaka 1922 Wamarekani walionyesha kwamba ni vitamini ingine, ile tunayoita D.

Lakini hakuiacha vitamini A. Tangu 1920 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kule Sheffield, na pamoja na mwenzake Harry Green walilisha panya chakula kisicho na vitamini hiyo. Panya walikufa, na walipopasuliwa walikutwa na usaha fasi nyingi mwilini. Mwaka 1928 wawili hao waliandika kwamba vitamini A inapinga maambukizo. Nafikiri walisema kwa nguvu kupita kiasi, juu haisaidii kwa kila ugonjwa. Lakini kwa surua walikuwa karibu na ukweli.

Vitamini A njo inalinda utando laini wa macho, koo, mapafu na matumbo. Ikikosekana, utando unakauka, mikrobu inapata mlango, askari wa mwili wanapigana ovyo, na uvimbe wa ndani unakawia kuisha. Surua yenyewe inamaliza akiba ya vitamini A haraka. Ndiyo maana mtoto anatoka kwenye surua na kuingia kwenye nimonia, kuhara ao upofu.

Mwaka 1932, daktari Ellison wa London aligawa watoto 600 wenye surua mafungu mawili. Kwa 300 waliopewa vitamini, 11 walikufa. Kwa 300 wengine, 26. Kisha dawa mpya za kuua mikrobu zikatokea, na watu wakasahau. Mellanby mwenyewe aliitwa kuongoza baraza la utafiti wa matibabu la nchi yake, 1933 mpaka 1949. Alikufa Januari 1955, jambo hilo likiwa limelala.

Liliamshwa na watafiti wengine, kati yao waliofanya kazi hapa jirani, kwenye hospitali ya Mvumi, Tanzania. Mwaka 1987 walitangaza kwamba watoto wenye surua waliopewa vitamini A walikufa wachache kuliko wenzao. Mwaka huohuo OMS na UNICEF wakaomba itolewe.

Leo ni dozi mbili, siku mbili zinazofuatana, kwa kipimo cha umri. Usijiongezee nyumbani, ikizidi ni sumu. Nyumbani tuna mawese, lengalenga na papai. Tena mama, usiunguze mawese mpaka yawe meupe: ile rangi nyekundu njo mwili unageuza kuwa vitamini A.