Bibi Salme na msamaha wa kaka yake

Katika nyumba nyingi za Ibra, eneo la Sharqiyah nchini Oman, Kiswahili bado husikika wazee wanapokutana kwa kahawa. Ni urithi wa majahazi yaliyotweka tanga katika bandari ya Sur na kushuka na upepo wa kaskazi hadi Unguja. Miongoni mwa waliovuka bahari hiyo walikuwamo Waharthi, kabila lenye ngome yake Ibra, na ni pamoja nao kwamba Sayyida Salme binti Said alitenda kosa lake la kwanza.

Salme alizaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar. Akiwa mtoto alijifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo mabinti wa jumbani hawakuruhusiwa. Ujuzi huo ndio uliomponza.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, Thuwaini alibaki Muscat na Majid akashika Zanzibar. Ndugu yao mdogo, Barghash, hakuridhika. Mwaka 1859 aliungana na Waharthi ili kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za njama hiyo. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Salme na dada yake Khole walipita usiku katikati ya askari. Ni askari gani angethubutu kumgusa binti wa Sayyid Said? Walitoka wakiwa na Barghash aliyejifunika nguo za kike.

Uasi ulizimwa kwa msaada wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Viongozi wa Waharthi walitiwa gerezani, Barghash akahamishiwa Bombay. Wanawake hawakuadhibiwa. Majid alimsamehe Salme, na baada ya miaka miwili hivi akamruhusu hata Barghash kurejea Unguja. Kwa mtawala aliyenusurika kupinduliwa na ndugu zake, huo haukuwa ukarimu mdogo.

Kosa la pili lilikuwa la moyo. Salme alipendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akapata mimba. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa, akaitwa Emily na kuolewa. Ruete mwenyewe alibaki Unguja miezi kadhaa akimaliza shughuli zake bila kudhuriwa.

Mwaka 1870 ulimgeuzia Salme kila kitu. Agosti, mumewe alifariki katika ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Oktoba, Majid naye akafariki na Barghash akawa Sultani. Mjane huyo alikuwa na sababu ya kutumaini: kaka huyu alimwokoa kwa kuhatarisha maisha yake.

Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda kumtafuta, lakini Sir Bartle Frere alimshawishi asionane naye, kwa ahadi ya kusaidiwa watoto ambayo haikutimizwa. Mwaka 1885 alirejea Unguja pamoja na manowari za Bismarck, ambaye alikuwa akiwania ardhi za bara. Pengine hakuna njia mbaya zaidi ya kuomba radhi kuliko kufuatana na mizinga ya mgeni. Barghash alikataa kumwona. Kisheria alikuwa na hoja, kwani aliyetoka katika Uislamu harithi kwa ndugu zake Waislamu. Lakini Salme hakutaka mali peke yake, na kuonana na dada hakuhitaji fatwa.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka huohuo Salme alijaribu tena kwa kaka mwingine, Sultani Khalifa bin Said, akarudi mikono mitupu. Hakutaka tena kuishi Ujerumani. Akakaa Jaffa, kisha Beirut, hadi mwaka 1914 alipokuwa na umri wa miaka 70 hivi.

Ni katika miaka yake ya mwisho tu, Sultani Khalifa bin Harub akiwa kitini, ndipo alipopata pensheni ndogo. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.