Chick Webb: Mpiga Dramu Aliyewachezesha Maelfu

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na leo nataka kuwasimulia maisha ya Chick Webb, mpiga dramu wa Marekani aliyefariki zamani. Najua mnajiuliza, huyu nimemtoa wapi? Subirini kidogo.

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Kila mara wachezaji wa ngoma wanapochaguliwa, mimi huachiwa kazi ya kushika nguo za wenzangu. Basi likizo ya Aprili binamu yangu alinikokota hadi ukumbi mmoja mtaani kwetu, ambako wanaoanza hufunzwa dansi ya zamani iitwayo Lindy Hop. Huchezwa wawili wawili, mara nyingi kwa hesabu ya moja hadi nane. Nilipofika nikajibanza kwenye benchi karibu na mlango. Mwalimu wa dansi hakunilazimisha kuinuka. Alikuja akaketi kando yangu, akaniuliza kama namjua mtu aliyekuwa akipiga dramu katika muziki ule. Nikasema simjui. Akanisimulia kidogo, nami baadaye nikatafuta vitabu nikasoma zaidi.

William Henry Webb alizaliwa Baltimore mwanzoni mwa karne ya 20. Akiwa mtoto alishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maskini! Mgongo ukapinda, na hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa futi nne na kidogo tu. Ndiyo maana akabandikwa jina Chick, yaani kifaranga. Inasemekana daktari ndiye aliyeshauri apige ngoma ili viungo vyake vilegee. Lakini pesa zingetoka wapi? Kijana akauza magazeti, akaweka senti juu ya senti mpaka akanunua dramu zake mwenyewe.

Akahamia New York, na kufikia mwaka wa 1926 alikuwa na bendi yake mtaani Harlem. Mwaka huohuo ukumbi wa Savoy ulifunguliwa katika barabara ya Lenox. Siku hizo kumbi nyingi Marekani ziliwabagua watu weusi, lakini Savoy weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja. Hapo ndipo Lindy Hop ilipokomaa, na katika miaka ya 1930 bendi ya Webb ikawa kama mwenyeji wa ukumbi huo.

Webb hakujua kusoma noti. Aliusikiliza wimbo mzima, akauweka kichwani. Alipiga akiwa ameinuliwa juu ya jukwaa dogo, na pedali zake zilitengenezwa zimfae. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili, hivyo bendi mbili ziliweza kushindana usiku mmoja. Tarehe 11 Mei 1937 alikuja Benny Goodman, ambaye jina lake lilivuma kote Marekani, pamoja na mpiga dramu wake Gene Krupa. Watu walifurika, maelfu ndani na maelfu nje. Jamani, Webb aliwashinda! Krupa mwenyewe akamwinamia kwa heshima. Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Lakini nisimfanye malaika. Mwaka wa 1935 aliletewa msichana maskini aitwaye Ella Fitzgerald. Mwaka uliotangulia msichana huyo alikuwa ameingia shindano la ukumbi wa Apollo akinuia kucheza dansi, ila alipowaona wachezaji waliomtangulia akaogopa, akaimba badala yake, akashinda. Inasemekana Webb alisita kumchukua kwa sababu ya mavazi na sura yake. Yeye, ambaye watu walimpima kwa mgongo wake! Mwishowe alimsikiliza, akamwajiri. Mwaka wa 1938 wimbo wao A-Tisket, A-Tasket ulivuma sana.

Ugonjwa nao haukumwacha. Aliendelea kuzunguka na bendi huku akiumwa, na tarehe 16 Juni 1939 akafariki Baltimore, bado kijana. Ella ndiye aliyeongoza bendi baada yake, hadi mwaka wa 1942. Savoy ulifungwa mwaka wa 1958, lakini dansi yake haikufa, kwani imefika hata mtaani kwetu.

Nami je? Jumamosi iliyofuata niliinuka kwenye benchi. Nikijaribu kuzunguka, mguu wangu mfupi huchelewa kidogo, na mwanzoni nilimkanyaga mwenzangu hadi nikaona haya. Siku hizi amenizoea. Mimi nikichelewa yeye huningoja, halafu tunaendelea. Sichezi vizuri sana, lakini nacheza.

Enyi wenzangu na walimu wetu wapendwa, sisemi kila kilema atakuwa Chick Webb. Ninachoomba ni kidogo tu. Mnapowachagua wachezaji, msituchague kwa macho peke yake. Tupigieni ngoma kwanza, mtutazame tukicheza, ndipo mkate shauri. Nisipofaa, nitazishika nguo zenu bila kinyongo.