Fundi Viatu Aliyetenganisha Sheria na Wema

Kuna swali ambalo halikauki kwenye vimbweta na vyumba vya hosteli kila anapoadhibiwa mwenzetu. Aliyevunja kanuni ni lazima awe mtu mbaya? Na yule anayezifuata zote, ndiyo tuseme ni mwema? Kuna jamaa wa Marekani, ambaye hakumaliza hata sekondari, alilijibu swali hilo kwa njia ya mchezo. Anaitwa Gary Gygax. Sisi tunaojiandaa kuwa walimu tuna sababu ya kumjua.

Gygax alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, mpiga fidla katika okestra ya mji huo, na alipenda kumsimulia mwanawe hadithi za wachawi na mashujaa. Kijana alipofika miaka minane, familia ikahamia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Huko alikua akisoma vitabu vya kubuni kuliko vya darasani. Shule aliiacha njiani. Akajaribu jeshi, akarudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Mwaka 1958 alioa, akazaa watoto watano, na kwa miaka mingi aliwalisha kwa mshahara wa kampuni ya bima huko Chicago.

Mapenzi yake yalikuwa kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga vijiaskari mezani na kupigana kwa kufuata kanuni ndefu. Mwaka 1968 aliandaa mkutano wa wachezaji pale Lake Geneva, na mkutano huo, Gen Con, unaendelea hadi leo. Kisha mwaka 1970 akapoteza kazi ya bima. Akawa fundi viatu nyumbani kwake, na usiku anaandika kanuni za michezo. Maisha yalikuwa magumu kwelikweli.

Mwaka 1971 yeye na mwenzake Jeff Perren walitoa kitabu cha kanuni kiitwacho Chainmail. Mwishoni aliongeza sehemu ya mazimwi na wachawi, na humo akawagawa viumbe upande wa Sheria, upande wa Vurugu, na wale wa kati. Wazo hilo alilipata kwenye riwaya za watu kama Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo ulimwengu mzima ni vita kati ya utaratibu na vurugu. Wakati huo halikuwa jambo la tabia. Zilikuwa timu tu: nani apange jeshi lake na nani.

Kilichobadilisha mambo ni Dave Arneson, kijana wa Minnesota aliyetumia kanuni hizo kwa mtindo mpya. Badala ya kuongoza jeshi, kila mchezaji alishika mtu mmoja, mwenye jina lake na maisha yake. Gygax alipouona mchezo huo akaingia kazini. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, wakaanzisha kampuni ndogo, na mwanzoni mwa 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 zilizopangwa kwa mikono nyumbani. Zikaisha kabla mwaka haujageuka. Kaye hakuyafaidi matunda hayo. Alifariki Januari 1975 kwa ugonjwa wa moyo.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimamizi, ndiye anayesimulia: mmefika kwenye pango, ndani mnasikia mtu analia, mnafanya nini? Wengine wanajibu kwa niaba ya wahusika wao, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Kila mchezaji ana karatasi inayoonyesha nguvu, akili na ujuzi wa mhusika wake. Na humo humo kuna mstari wa mwelekeo wake: yuko upande gani.

Katika kitabu cha 1974 mielekeo ilikuwa mitatu tu, na viumbe waliorodheshwa chini yake. Farasi wa pembe moja yuko kwa Sheria. Mnyonya damu yuko kwa Vurugu. Lakini wanadamu wameandikwa mara tatu, kila safu wamo. Yaani tangu siku ya kwanza kitabu kilikubali kwamba mtu hajulikani kwa kuwa mtu tu.

Hata hivyo wachezaji walichanganyikiwa. Wengi walidhani Sheria maana yake wema na Vurugu maana yake uovu. Gygax akaandika makala kwenye jarida la kampuni, The Strategic Review, Februari 1976, kuliweka sawa. Alichora mistari miwili inayokatana. Mmoja unatoka Sheria kwenda Vurugu, mwingine unatoka Wema kwenda Uovu. Hapo ndipo penye kazi yake kubwa, kwa maoni yangu. Sheria, alieleza, ni kupenda utaratibu na jamii. Vurugu ni kupenda uhuru wa mtu binafsi. Wema na uovu ni maswali mengine kabisa. Kufikia kitabu cha wachezaji cha 1978, mistari hiyo ilikuwa imezaa mielekeo tisa.

Sasa tazama kilichotokea. Kukawa na nafasi ya mtu mwovu anayeheshimu sheria: mtawala asiyevunja kanuni hata moja, ila kila kanuni anaitumia kukandamiza. Sote tumesoma na kiranja wa aina hiyo, anayeorodhesha wapiga kelele kwa uaminifu mkubwa ili tu awakomoe. Kukawa pia na nafasi ya mwema asiyetulia chini ya amri, kama Robin Hood wa hadithi za Uingereza. Kijana wa miaka kumi na minne aliyekaa mezani kucheza alilazimika kujiuliza jambo ambalo darasani haulizwi: mimi nafuata kanuni hii kwa sababu ni njema, au kwa sababu ni kanuni?

Jambo la pili ni jinsi mstari ule ulivyofanya kazi. Gygax aliwaagiza wasimamizi wawe wanafuatilia matendo ya kila mhusika. Ukiandika kwamba wewe ni mwema halafu unawaibia wanakijiji, msimamizi anakusogeza polepole kuelekea kule matendo yako yanakoelekea, na ukishavuka mpaka unapoteza ngazi moja ya uzoefu ulioutafuta kwa jasho. Karatasi inafuata matendo. Wahenga walisema tabia haina dawa. Mchezo huu ulisema tabia ina historia, na inaweza kugeuka kwa gharama.

Wapo wachezaji walioigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Wanawasaliti wenzao kisha wanajitetea kwamba mhusika wangu ni mwovu, mlitegemea nini? Na lazima tuseme kwamba Gygax mwenyewe aliacha mlango wazi. Katika kitabu chake cha viumbe cha 1977, jamii nzima za viumbe ziliandikiwa mwelekeo wao, kama unavyoandika urefu au idadi ya meno. Mwanadamu alipewa nafasi ya kuchagua, wengine wakazaliwa wabaya. Sisi wa bara hili tunajua vizuri ladha ya kuandikwa hivyo na mtu asiyekufahamu. Mwaka 2020 kampuni inayomiliki mchezo sasa ilitangaza kwamba itaachana na uandishi wa namna hiyo.

Na maisha ya Gygax mwenyewe je? Hayakukaa kwenye kisanduku kimoja. Kampuni ilikua, pesa zikaja, na Arneson akaondoka. Mwaka 1979 Arneson alifungua kesi akidai haki yake, wakapatana 1981. Mwaka huohuo wa 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotea, na magazeti yakaulaumu mchezo, ingawa ilikuja kujulikana kwamba kijana alikuwa na matatizo mengine kabisa. Miaka iliyofuata vikundi vya wazazi na wahubiri vikadai mchezo unafundisha ushetani. Gygax, ambaye alikuwa Mkristo, akatishiwa kuuawa hadi akaweka mlinzi. Mtu aliyewataka vijana wapime wema wao kila wiki aliwekewa mwelekeo na watu wasiowahi kukaa mezani kwake.

Pigo la mwisho lilikuja 1985. Wabia wake waliuza hisa zao kwa meneja ambaye Gygax mwenyewe ndiye aliyemleta, naye akaupoteza uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Mwaka 1986 akaondoka. Sisemi nani alikuwa mwema na nani mwovu pale, kwa sababu yeye pia alikuwa ameacha kampuni kwa miaka kadhaa akishughulikia filamu huko Hollywood, na ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika. Nasema tu kwamba kila hatua ilipita kwa sheria, na bado yeye aliona amedhulumiwa. Mistari yake miwili ilikuwa imemfikia.

Aliendelea kubuni michezo mingine, hakuna iliyofikia umaarufu wa ule wa kwanza. Nyumbani kwake Lake Geneva aliwakaribisha wachezaji na kucheza nao barazani. Alifariki hapo hapo tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69, wakati wengi wetu tulikuwa chekechea.

Ndugu zangu wa ualimu, tukienda mazoezini tutakutana na karatasi yetu. Ripoti ya mwanafunzi ina sehemu ya tabia na mwenendo: utii, heshima, uaminifu, ushirikiano, na mwalimu anaweka herufi. Mara nyingi zinajazwa jioni moja, haraka haraka, kwa kukumbuka nani alinyoa na nani alichelewa mstarini. Utii unapata A na tunadhani tumeona wema. Mtoto aliyemtetea mwenzake kwa kubishana na mwalimu anapata D, na mwakani mwalimu mpya anaanza naye kwa kuisoma ile D.

Fundi viatu wa Lake Geneva alidai vitu viwili tu kwa yeyote anayeshika kalamu ya kuandika tabia ya mwingine: usichanganye utii na wema, na usiandike mara moja ukafunga kitabu. Endelea kuangalia matendo, usogeze alama yanapobadilika. Kwenye mchezo, msimamizi asiyefanya hivyo anaharibu jioni ya watu watano. Darasani tutakuwa na watoto sitini.