Ofisa Aliyeuza Vitabu Vyake

Mwezi wa Machi, mwaka 1837, kiasi cha sehemu moja katika tano ya mji wa Osaka, nchini Japani, iliteketea kwa moto. Moto huo haukuwashwa na adui wa kigeni wala na mhalifu. Uliwashwa na Oshio Heihachiro, ofisa mstaafu wa polisi wa mji huo huo, naye alianza kwa kuichoma nyumba yake mwenyewe. Yafaa tuyatazame maisha ya mtu huyu, ili tuone ni jambo gani liwezalo kumgeuza mlinzi wa sheria akawa mwasi.

Japani ya siku zile ilikuwa nchi ya makabaila. Tangu mwaka 1603 ukoo wa Tokugawa ulitawala kutoka Edo, mji ambao leo waitwa Tokyo. Mtawala mkuu aliitwa shogun, na chini yake walikuwako mabwana walioitwa daimyo, kila mmoja na nchi yake na askari wake, yaani samurai. Watu waligawanywa katika daraja nne: samurai juu, kisha wakulima, kisha mafundi, na wafanyabiashara chini kabisa. Fikra hii asili yake ni China. Ilivuka bahari pamoja na maandishi ya Kichina na mafunzo ya Confucius. Serikali ya shogun ilipenda hasa maelezo ya Zhu Xi, mwanachuoni wa China wa karne ya 12, kwa sababu yalimfundisha kila mtu kukaa mahali pake na kumtii mkubwa wake. Mwaka 1790 shule ya serikali ilikatazwa kufundisha mafunzo mengine.

Walakini mambo ya vitabuni hayakuwa mambo ya mashambani. Mkulima, aliyewekwa juu ya mfanyabiashara, ndiye aliyetozwa kodi ya mchele hadi ghala lake likabaki tupu. Mfanyabiashara, aliyedharauliwa, ndiye aliyewakopesha mabwana fedha. Osaka ndipo mchele wa mabwana ulipowekwa na kuuzwa, na wenye fedha wa mji huo walitajirika kuliko samurai wengi.

Katika mji huo alizaliwa Oshio mwaka 1793. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na jamaa za baba yake. Kazi ya ukaguzi wa polisi aliirithi kwa ukoo, akajulikana kwa kutopokea rushwa na kwa kuwafichua maofisa waliokula mali ya watu. Mwaka 1830, mkubwa wake alipostaafu, naye aliacha kazi akashika kufundisha katika shule aliyoianzisha nyumbani kwake.

Lakini Oshio hakumfuata Zhu Xi. Mwalimu wake wa vitabuni alikuwa Wang Yangming, Mchina aliyefariki mwaka 1529, ambaye alifundisha kuwa kujua na kutenda ni kitu kimoja. Kwa fundisho hilo, mtu asemaye ajua lililo jema wala halitendi, bado hajalijua. Hivyo China ile ile iliyowapa watawala fundisho la utii ilimpa Oshio kipimo cha kuwapimia watawala hao.

Kipimo hicho kilifika siku yake katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1833. Mavuno yaliharibika mwaka baada ya mwaka, bei ya mchele ikapanda, na maskini wakafa njaa katika mji uliojaa maghala. Hakimu mkuu wa Osaka, Atobe Yoshisuke, badala ya kuwagawia watu chakula, alipeleka mchele Edo, ambako shogun mpya alikuwa akiandaliwa kushika madaraka. Oshio alimwomba awafungulie watu maghala, akakataliwa. Aliwaomba matajiri wakopeshe fedha, nao wakakataa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ndipo mwanachuoni huyu alipouza maktaba yake yote, mali ya maisha yake, na fedha akazigawia maelfu ya nyumba za maskini. Pia alikusanya silaha na baruti kwa siri, akawaandikia wakulima wa vijiji vya jirani waraka wa kuwalaumu maofisa wala rushwa na matajiri, akiwaita waje mjini siku watakaposikia ghasia.

Tarehe 25 Machi 1837 siri ilitolewa na wenzake wenyewe, ikambidi aanze kabla ya wakati. Watu wapatao mia tatu walimfuata kwa mizinga na mabango ya kuwaokoa wananchi, wakivunja nyumba za matajiri na maghala yao. Kabla ya usiku kuingia walikuwa wametawanywa. Haifai kuficha kwamba moto haukuchagua: nyumba zaidi ya elfu tatu ziliungua, na nyingi zilikuwa za wale wale aliotaka kuwaokoa.

Oshio na mwanawe wa kulea walijificha zaidi ya mwezi mmoja. Walipozingirwa, walijiua na kuichoma nyumba waliyokuwamo. Serikali haikuridhika. Maiti zao ziliwekwa katika chumvi, na mwaka 1838 zikahukumiwa na kutundikwa msalabani hadharani. Dola inayohukumu maiti huonyesha ni nani inayemwogopa.

Na ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka ule ule wa 1837 Ikuta Yorozu aliongoza maasi mengine huko Kashiwazaki. Mwaka 1841 serikali ilianza kutengeneza mambo yake, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa Mizuno Tadakuni, ndugu yake yule hakimu Atobe. Matengenezo yalivunjika mwaka 1843, na mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ukaisha.

Oshio hakutaka kuuondoa ukabaila. Alitaka makabaila watende yale waliyoyasoma. Alikuwa samurai hadi mwisho, hakuwaandaa wakulima, na maasi yake hayakupita siku moja. Lakini katika mji wa wasomi wengi waliojua kuwa watu wanakufa, yeye hakuweza kujua akanyamaza.