Abdallah Susi: Sifa ya Uaminifu Peke Yake Haimtoshi

Wilaya ya Nchelenge iko kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, mahali ambapo maji ndiyo mpaka baina ya nchi hiyo na Kongo. Novemba 1867 ulipita katika ukingo huo msafara mdogo wa watu waliochoka. Vitabu vingi vya historia humtaja mmoja wao tu, Daktari David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, aliyelifikia ziwa hilo tarehe 8 ya mwezi huo. Miongoni mwa wachache waliokuwa naye alikuwamo Abdallah Susi, ambaye jina lake husomwa haraka na kusahauliwa upesi.

Wapenzi wa muziki wana ubishi mmoja usiokwisha. Katika bendi ya dansi, na hata katika bendi za majeshi, macho ya watu humfuata mwimbaji, mpiga gitaa la solo, au yule anayetangulia na fimbo. Mpiga besi husimama nyuma bila mbwembwe, na wengi hawajui hata anaitwa nani. Lakini akinyamaza yeye, wachezaji hupoteza hatua. Je, anastahili sifa kuliko anayopewa? Swali hilo ndilo tunaloliuliza leo juu ya Susi. Askari na polisi, ambao kazi yao hutegemea watu wasioonekana, wanayo haki ya kulijibu.

KUTOKA SHUPANGA HADI ZIWA MWERU

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliajiriwa kukata kuni za meli ya Livingstone. Kazi hiyo haikuwa na cheo. Mwaka 1864 Livingstone aliamua kuivusha meli yake ndogo, Lady Nyassa, kutoka Unguja hadi Bombay ili aiuze huko. Chombo hicho kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya ziwa, si kwa Bahari ya Hindi, na vijana wa mtoni waliokubali kusafiri nacho walijifunza ubaharia wakiwa njiani. Susi alikuwa mmoja wao.

Machi 1866 Livingstone alishuka tena katika pwani ya Afrika Mashariki, karibu na Mikindani, akiutafuta mwanzo wa mto Nile. Alikuwa na askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa kisiwa cha Anjouan, vijana 9 waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, watu wawili wa Shupanga, yaani Susi na Amoda, pamoja na vijana wawili kutoka nchi ya Wayao, Chuma na Wikatani. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani kabla safari haijafika mbali. Watu wa Anjouan walitoroka karibu na Ziwa Nyasa, wakafika Unguja na habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa. Januari 1867 sanduku la dawa likapotea. Kwa hiyo kikosi kilicholifikia Ziwa Mweru kilikuwa kimebaki na watu wachache mno.

Msafara ulilifikia ziwa kwa upande wa kaskazini, ukalala katika kibanda cha mvuvi. Kisha ukafuata pwani ya mashariki kuelekea kusini, ukauvuka mto Kalungwishi, ukaingia katika mji wa Mwata Kazembe.

Haifai kudhani kwamba watu hao walikuwa malaika. Aprili 1868, Livingstone alipotaka kwenda kulitazama Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walichoka wakakataa kumfuata, naye akaenda na watano tu. Baadaye aliwapokea tena wale waliokataa. Tunalisema hili kwa kuwa utii wa mtumwa na utii wa mtu aliyechagua mwenyewe ni mambo mawili tofauti. Susi aliajiriwa kwa mshahara, na njia ya kuondoka ilikuwa wazi. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji akimtafuta Livingstone, wa kwanza kumkimbilia na kumwamkia alikuwa Susi.

ALFAJIRI YA TAREHE 1 MEI 1873

Safari ya mwisho ilianza karibu na Tabora Agosti 1872. Ilipitia mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua, na Livingstone akaugua hata akawa anabebwa. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kijana Majwara alikwenda kumwamsha Susi. Susi aliwaita Chuma na wenzake wachache, wakaingia kibandani. Walimkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufariki.

Ndugu msomaji, fikiria hali ya kikosi hicho. Kamanda amekufa, na pwani iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,600. Mshahara haujalipwa, na hapana ofisa wa kuwadai hesabu. Nchi za kupita zinaogopa maiti, na kupatikana nayo kungeweza kuwaletea faini au vita. Rahisi lilikuwa kuzika, kugawana mali na kutawanyika, wala pasingekuwa na mtu wa kuwalaumu.

Watu walimweka Susi pamoja na Chuma kuwa wakuu wa msafara. Kwanza masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kitu ili pasiwe na wizi wala shutuma. Halafu wakakata shauri la kuurudisha mwili kwa jamaa zake. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa merikani, ukatiwa katika gome la mti na kushonewa turubai. Chifu Chitambo alipoelezwa ukweli aliwasaidia, akaja na watu wake kuomboleza.

Mwanzo wa safari ulikuwa mchungu. Nusu ya watu waliugua, Susi mwenyewe akiwa miongoni mwao, na baadhi wakafa. Walipopata nafuu walipita magharibi ya Bangweulu, wakauvuka mto Luapula, ule ule unaoteremsha maji yake katika Ziwa Mweru. Katika kijiji cha Chawende ugomvi ulizuka, wakapigana na kukiteka. Hilo si jambo la kujivunia, maana wenyeji walikuwa kwao, lakini linaonyesha kwamba hawa hawakuwa wapagazi tu. Walikuwa kikosi chenye amri na nidhamu.

Oktoba 1873 walifika karibu na Tabora, wakakutana na Luteni Verney Lovett Cameron wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Luteni huyo alishauri mwili uzikwe hapo hapo. Susi na wenzake walimsikiliza kwa heshima, wakakataa.

Mbele yake, huko Kasekera, habari ziliwafikia kwamba wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite. Hapo wakatumia hila ambayo ofisa yeyote angeistahi. Walilitoa lile gome, wakaufunga mwili upya ukafanana na robota la kawaida la nguo. Kisha wakatengeneza mzigo mwingine wa mabua, wakauvisha sanda kama maiti, wakawatuma watu waubebe kurudi Tabora kana kwamba wanakwenda kuuzika. Usiku watu hao waliyatupa mabua porini, wakarudi kwa njia za kujificha. Robota likapita bila kuulizwa. Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo, miezi tisa tangu kifo kile.

MEDALI NA MALIPO

Pale pwani Waingereza waliupokea mwili, watu wakalipwa na kuambiwa waende zao. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa kwa heshima kubwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Katika wale waliombeba alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu. Huko walimsaidia Horace Waller kuzitengeneza shajara za mwisho za Livingstone. Marehemu hakuweza kuandika habari za kifo chake mwenyewe. Kila mwandishi aliyesimulia alfajiri ile amechota katika kisima cha Susi na Chuma.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitoa medali ya fedha kwa ajili ya wale waliousindikiza mwili. Wengi hawakuipata, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Maneno yaliyochongwa juu yake yalisifu uaminifu.

Hapo ndipo ilipo dosari. Uaminifu ni sifa njema, lakini mtu huwa mwaminifu kwa bwana aliye hai anayetoa amri. Baada ya tarehe 1 Mei 1873 hapakuwa na bwana. Kukagua mali hadharani, kuamua shabaha, kuwashika pamoja wagonjwa na waliokata tamaa, kukataa shauri la ofisa wa kigeni, na kubuni hila ya mabua si kazi za mtumishi. Ni kazi za kamanda. Chuma anastahili sehemu yake kamili ya sifa hiyo. Alifariki Unguja mwaka 1882, baada ya kuongoza misafara mingine.

Susi naye aliendelea na kazi. Kati ya mwaka 1879 na 1882 alimtumikia Stanley kama mnyapara wa Wazanzibari katika mto Kongo, walipojenga vituo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Matunda ya vituo hivyo yalikuja kuwa machungu mno kwa wananchi wa Kongo, na historia haina budi kulisema hilo. Lakini liko jambo la ajabu humo. Livingstone alifariki akitumaini kwamba maji ya Luapula na Mweru yanakwenda Nile. Kumbe yanatoka Mweru kwa mto Luvua, yanaingia Lualaba, yanakuwa Kongo, na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. Susi, aliyeyaona maji hayo ufukoni kwa Mwata Kazembe, aliyaona pia karibu na mwisho wake. Bwana wake hakujaliwa kuyaona hayo.

Mwaka 1886 alibatizwa Unguja, akachukua jina la David. Alifariki huko huko mwaka 1891.

Zambia ina mji uitwao Livingstone, na Chitambo pana mnara wa kumbukumbu yake. Heshima hiyo hatumnyang'anyi. Lakini wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na pete ya Susi imechelewa. Katika mafunzo ya uongozi, askari hufundishwa nini cha kufanya kamanda anapoanguka na amri kukatika. Mfano wa somo hilo haulazimu kutafutwa Ulaya. Uko katika njia ya kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, na mwenye mfano huo ni mkata kuni wa Shupanga.