Moraa: Mama Aliyesahauliwa Nyuma ya Mkuki

Kila inapotajwa habari ya Wagusii na ujio wa Waingereza, jina la Otenyo Nyamaterere hutangulia. Hiyo ni haki yake. Lakini nyuma ya mkuki wa Otenyo alisimama mama, Moraa wa Ng'iti, ambaye masomo yetu ya historia humpitia kwa sentensi moja, kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa kumchochea kijana tu.

Moraa hakuwa chifu, wala hakupata sifa kwa cheo cha mume. Alikuwa mganga na mtabiri. Heshima yake aliichuma kwa kazi yake miongoni mwa watu wa Kitutu, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Kisii na Nyamira. Mabaraza yalikuwa ya wazee wanaume. Hata hivyo, neno lake lilisikizwa.

Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yaliingia Kitutu kwa bunduki. Mikuki na ngao havikufua dafu. Watu wengi waliuawa, na ng'ombe wakatekwa. Tusisahau kwamba ng'ombe ndio waliokuwa mali, mahari na maziwa ya watoto. Mwaka 1907 wageni wakajenga boma Getembe, ulipo mji wa Kisii hivi leo. Wapo walioona heri kupatana na mwenye nguvu. Moraa alikataa, na masimulizi ya Wagusii yaeleza jinsi alivyowasuta vijana kwa kuinamisha vichwa.

Januari 1908 Otenyo alimvizia ofisa wa serikali, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki. Northcote alinusurika. Wagusii hawakunusurika: nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakaangamizwa, na Otenyo mwenyewe akauawa. Mauaji hayo yalikithiri hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni mjini London, akayalalamikia.

Wako wanaomlaumu Moraa kwa maafa hayo. Lawama hiyo haina msingi. Bunduki zilifika Kitutu miaka mitatu kabla ya mkuki wa Otenyo kurushwa, na waliouawa mwaka 1905 hawakuwa wamemgusa Northcote. Moraa hakuileta vita, aliikuta mlangoni. Alilofanya ni kukataa kuiita amani.

Tutazame sasa jinsi dunia inavyogawa kumbukumbu. Northcote alipanda vyeo hadi akawa Gavana wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941, na huko chuo cha ualimu kikapewa jina lake. Walimu wa nchi ya mbali walifunzwa chini ya jina la mtu aliyechomwa mkuki Gusii. Je, walimu wetu wenyewe wamefunzwa nini juu ya mama aliyempinga?

Wako wazee waliopokea habari za Moraa kutoka kwa wazazi wao, nao wanapungua kila mwaka. Mwalimu wa Nyamira au wa Kisii hana haja ya kungoja mtaala mpya. Na awatume wanafunzi wake nyumbani na daftari, waulize, waandike, kisha walinganishe waliyoyasikia darasani. Historia isiyoandikwa na wenyewe huandikwa na wageni, na mgeni huanza na jina lake.