Allidina Visram: tajiri aliyeendesha maduka kwa daftari na barua

Lori likitoka Kigali na kupita Nkungu kuelekea mpaka wa Rusizi, habari za mzigo hutangulia. Tamko la forodha huingizwa kwenye kompyuta, dereva hupiga simu, na mwenye mali Bukavu hujua nini kinamjia. Wafanyabiashara wengi huona jambo hili ni la kisasa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita kulikuwa na mtu aliyeendesha makumi ya maduka kuanzia pwani hadi Uganda bila simu wala kompyuta. Mtu huyo ni Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, India. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 hivi, alivuka bahari hadi Zanzibar. Alifanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara, na hapo ndipo alipoijua kazi yenyewe. Msafara ulihitaji mamia ya wapagazi, vitambaa, shanga, chumvi na vyakula, na kurudi kwake kulichukua miezi mingi. Kilichoamua faida au hasara mara nyingi kilikuwa ni habari. Shanga zilizopendwa sehemu moja zilikataliwa sehemu nyingine, na rangi iliyotakiwa mwaka jana iliweza kudoda mwaka huu. Aliyebeba shanga zisizotakiwa alirudi na mzigo wake, na ujira wa wapagazi alikwisha kuulipa.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alichukua sehemu kubwa ya biashara ile ya misafara. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896. Wenzake wengi walingoja waone itafika wapi. Yeye alifungua maduka kuifuata reli, akiwauzia vibarua na maofisa mahitaji yao, huku pia akifungua Kampala kabla treni haijafika ziwani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zake zilikuwa tayari ng'ambo ya ziwa.

Swali ambalo msomaji mwenye maduka mawili tu atajiuliza ni hili: alijuaje yanayotendeka mahali asipokuwepo?

Kwa desturi ya wafanyabiashara wa Kigujarati, kila duka lilikuwa na vitabu vyake. Kimoja kiliandikwa fedha iliyoingia na kutoka siku ile ile, na kingine kilikuwa cha majina, kila mdaiwa na ukurasa wake. Karani alihamisha hesabu kutoka kitabu cha kwanza kwenda cha pili. Kisha barua zilipelekwa kwa tajiri: nini kimeuzwa, nini kimebaki, bei ya pembe au ufuta imekuwaje, nani amechelewa kulipa. Mtu akiondoa jina la kisasa, huo ndio mfumo wa taarifa wenyewe, yaani kukusanya habari, kuzihifadhi, kuzilinganisha na kumfikishia mwenye uamuzi kabla hazijachacha. Kompyuta huharakisha kazi hiyo tu; karani akiandika uongo, mashine nayo itatoa uongo, tena kwa haraka zaidi.

Vitabu hivyo vilimpa pia kazi ya benki. Uganda haikuwa na benki hadi National Bank of India ilipofungua Entebbe mwaka 1906. Kabla ya hapo, maofisa na wafanyabiashara walipata rupia kupitia maduka ya Allidina. Karatasi yenye ahadi yake ya kulipa iliaminika kwa sababu hesabu za duka moja zilijulikana katika duka lingine. Wahindi wenye maduka madogo walichukua bidhaa kwake kwa mkopo, na baadhi yao baadaye walisimama wenyewe. Aidha aliingia katika pamba, mafuta ya ufuta, sabuni, mbao na vyombo vya ziwani. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Lakini biashara hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Vitabu vilionyesha deni, ila havikuonyesha kwa nini mtu fulani alipewa deni. Nani wa kuvumiliwa na nani wa kubanwa, hayo aliyajua Allidina mwenyewe, aliyewafahamu mawakala wake kwa nyuso na kwa koo zao. Mwaka 1916 alipata homa katika safari ya kibiashara iliyompeleka Kongo, na akafariki.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi matawi, viwanda, mashamba na madeni yaliyotapakaa nchi nzima, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeyatenga maduka ya upande wa Wajerumani. Baadaye bei ya pamba ilianguka, na sarafu ikabadilishwa mara mbili, kutoka rupia kwenda florini mwaka 1920 na kisha shilingi. Dhoruba hiyo iliwapiga wengi, lakini kwa kampuni iliyokuwa na mwenyewe mmoja tu aliyejua yote, pigo lilikuwa zito zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 milki ile ilikuwa imesambaratika, ikachukua takriban muongo mmoja kubomoka baada ya kujengwa kwa maisha mazima ya mtu.

Mjini Mombasa, jina lake lilibaki kwenye shule ya sekondari ya Allidina Visram, ambayo Abdulrasul aliijenga kwa kumbukumbu ya baba yake.